Jua halinywi maji: kumweleza mtoto wa Dodoma safari ya maji

Kwa miaka mitatu ya mwanzo ya ualimu wangu niliwaambia watoto wa darasa la awali kwamba jua linakunywa maji. Nilidhani nimepata njia rahisi. Unamwaga kikombe cha maji kwenye sakafu ya baraza, mnakuja kuyachungulia baada ya uji, hayapo. Unauliza, "Nani kayanywa?" Darasa zima linaitikia, "Juaaa!" Somo limeisha, kila mtu anacheka. Mpaka siku moja mtoto wa kiume wa miaka mitano, mkimya siku zote, akanyoosha kidole: "Mwalimu, sasa jua linakojoa wapi?"

Nilicheka. Lakini mwenzake aliwahi kumjibu: "Si ndiyo mvua!" Hapo kicheko changu kikakatika, maana kwa maneno niliyowapa mimi mwenyewe, jibu lile lilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa Januari, mvua zimechanganya, na wiki nzima kulikuwa na watoto waliokataa kukinga matone kwa ulimi kama kawaida yao. Mzazi mmoja alinifuata hadi getini kuniuliza ni somo gani hilo.

Tangu hapo nimelirudia somo hili mara nyingi, darasani na kwa wanangu nyumbani, na sasa nawalaumu watoto kidogo sana. Tatizo ni sisi watu wazima kuanzia mahali ambapo mtoto hajawahi kukanyaga. Itazame ile chati ya ukutani ya mzunguko wa maji: bahari ya buluu upande huu, mlima upande ule, mto unateremka umejaa, mishale inazunguka. Mtoto wa Nkuhungu au Chamwino anaitazama kama anavyotazama picha ya theluji. Bahari hajaiona. Mto anaoujua yeye ni korongo la mchanga, ambalo sehemu kubwa ya mwaka wanapita mbuzi na bodaboda. Maji kwake yanatoka bombani siku ya mgao, au yanakuja na madumu ya njano kwenye mkokoteni. Mvua ni habari ya Desemba mpaka Aprili. Zaidi ya hapo ni vumbi na kisulisuli. Kwa hiyo kama unafundisha au unalea huku Kanda ya Kati, ushauri wangu wa kwanza ni uifunike hiyo chati kwa muda. Anzia kwenye kamba ya nguo.

Kanga mbili na chupa mbili

Agosti ndiyo mwezi wake. Loweka kanga mbili, zikamue vizuri. Moja ianike juani panapopita upepo, nyingine ikunje uiache ndani ya beseni kivulini. Watoto wazishike kila baada ya muda. Kwa hewa yetu ilivyo kavu, ile ya kwenye kamba itakuwa imekauka kabla hawajaanza kulalamika njaa. Waulize maji yamekwenda wapi, halafu nyamaza. Hili la kunyamaza ni gumu kuliko jaribio lenyewe.

Nimewahi kusikia kwamba maji yamedondoka chini, kwamba yameingia kwenye kamba, na kwamba kanga imeyameza. Usimkatalie mtoto, mwambie twende tukaangalie. Chini ya kanga pakavu. Kamba kavu. Kanga ukiipima kwa mkono ni nyepesi kuliko ilivyokuwa. Wakishaondoa sababu zote hizo, mmoja wao husema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika, kwamba yamekwenda na upepo. Basi hapo ndipo unapoingia: naam, maji yamegawanyika vipande vidogo mno, jicho haliwezi kuviona, vikaruka vikachanganyika na hewa. Jua halikuyanywa. Lilitoa joto, na joto ndilo lililoyapa nguvu ya kuruka. Maji yaliyo hewani namna hiyo yanaitwa mvuke.

Neno mvuke lina mtego, nikutahadharishe. Nyumbani tunaita mvuke ule moshi mweupe unaotoka kwenye birika. Ule mweupe tayari umerudi kuwa maji, ni matone madogo sana yanayoelea. Ukitazama vizuri mdomo wa birika linalochemka, kuna nafasi ndogo kati ya mdomo na weupe, ambayo haionyeshi kitu. Mvuke wenyewe upo pale, hauonekani. Kwa mtoto wa miaka mitano silisemi hili. Kwa wa miaka saba au minane nalisema, tena nyumbani, na mtoto akiwa amekaa mbali. Birika la moto na darasa la watoto sabini havikai chumba kimoja.

Kuna jaribio linalosambaa sana mtandaoni la kubandika dirishani mfuko wa plastiki wenye maji. Wazazi wameniuliza mifuko hiyo watapata wapi, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Msiitafute. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu ni bora zaidi, na zimejaa kila mtaa. Chukua mbili. Tia kila moja maji ya kina cha vidole vinne, chora mstari mahali maji yanapoishia, ifunge moja kizibo na nyingine iache wazi. Ziweke dirishani panapopigwa jua.

Baada ya saa moja au mbili, ile iliyofungwa itaingia ukungu sehemu ya juu, halafu matone, halafu matone yataungana na kuteremka. Watoto wataigonga chupa ili "wanyeshe mvua", nawe waache waigonge. Lakini usiitupe siku hiyohiyo kama nilivyokuwa nikifanya. Iache wiki mbili. Kila asubuhi mtoto mmoja anapewa kazi ya kukagua mistari. Kwenye chupa ya wazi maji yanashuka chini ya mstari siku baada ya siku. Kwenye iliyofungwa mstari na maji vinabaki pamoja, ingawa kila siku wanaona maji yanapanda na kushuka humo ndani. Mtoto akiona hivyo kwa macho yake siku kumi mfululizo, huna haja ya kumwambia kwamba maji hayaishi, yanahama. Atakwambia yeye.

Jaribio la soda baridi nalo lina msimu wake. Mara ya kwanza nilileta chupa ya soda kutoka kwenye friji ya dukani mwezi Agosti. Ikatoka jasho hafifu, likakauka nikiwa bado naongea, na watoto hawakuona kitu zaidi ya soda waliyokuwa wakiitaka. Nililirudia Januari na meza ikalowa. Chupa ileile, friji ileile. Hewa ya Januari imebeba mvuke mwingi, ya Agosti imebeba kidogo, na mvuke ukigusa kitu cha baridi unarudi kuwa matone. Tumia soda ya rangi, kwa sababu lazima yuko atakayesema chupa inavuja. Futa jasho lile kwa karatasi nyeupe umwonyeshe halina rangi.

Kuhusu mawingu sina mengi. Pumulieni kioo kwa pamoja, mwone kinavyoingia ukungu. Wingu ni hivyo, matone madogo yanayoelea huko juu penye baridi, yakiungana na kuwa mazito yanaanguka. Pamba za kubandika kwenye karatasi ni nzuri kwa kupamba darasa, lakini nimekutana na mtoto wa darasa la tatu aliyeamini kwamba ndege ikigusa wingu inachafuka nyuzi.

Mto usiofika baharini

Sasa nifike mahali ambapo ile chati inatudanganya sisi wa huku. Inaonyesha kila mto ukiishia baharini. Mto Bubu unakusanya maji upande wa Kondoa, unateremka mpaka kwenye mbuga ya majimaji ya Bahi, na safari yake inaishia hapo. Hakuna njia ya kutoka kwenda baharini. Maji yakifika Bahi, mengi hutoka kwa njia ya juu, kwa kuruka hewani. Maziwa ya Singidani na Kindai pale Singida mjini ni hivyohivyo, na ndiyo maana yana chumvi: maji yanaondoka, chumvi haina mabawa.

Wakati huohuo korongo la Kinyasungwe linapeleka maji yake mashariki, yanaungana na Mkondoa, yanaingia Mto Wami na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Na mvua inayonyesha kusini mwa mkoa huishia Bwawa la Mtera, ikafuata Ruaha Mkuu kupita Kidatu hadi Rufiji. Yaani matone matatu yanaweza kuanguka katika mkoa mmoja wa Dodoma, alasiri moja, na kila moja likashika njia yake. Mimi hapa huwa nasisimka kuliko watoto.

Nawachorea kwa fimbo kwenye udongo wa uwanja. Kwanza tunaweka jiwe kwa ajili ya shule yetu, halafu tunamwaga maji kidogo kwenye kila mfereji. Mtoto mwenye bibi Bahi siku hiyo anatembea kifua mbele. Mwaka juzi mmoja aliutazama ule mchoro, maji yameingia kwenye shimo la Bahi na hayatoki, akasema: "Mwalimu, kumbe ndiyo maana inaitwa Bahi. Haijamaliza kuwa bahari." Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kutoa maelezo mazuri kama hayo.

Chumvi ionyesheni kwa sahani. Koroga kijiko cha chumvi kwenye maji, mimina kwenye sahani ya rangi nzito, weka juani kwa siku mbili. Ukitaka mfano ambao hauhitaji kuandaa chochote, geuza birika la nyumbani uwaonyeshe ule ukoko mweupe wa ndani, zawadi ya maji ya visima vyetu. Baada ya hapo wanaelewa bila kusukumwa kwa nini mvua haina chumvi hata kama mvuke wake ulianzia Bahari ya Hindi, na kweli sehemu kubwa ya unyevu wa mvua zetu unaletwa na pepo kutoka huko.

Kisha kuna maji ambayo hayaonekani kabisa, na kwa mtoto wa mjini Dodoma hayo ndiyo anayokunywa. Kwa miongo mingi mji huu umetegemea visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ukimwambia mtoto kuna maji chini ya ardhi, anajenga kichwani pango lenye ziwa na pengine samaki. Mpe glasi iliyojaa mchanga mkavu mpaka juu. Imejaa? Imejaa. Mimina maji polepole. Yanaingia. Yamekaa wapi wakati glasi imejaa? Mwache achimbe kwa kidole, shimo lake litaingia maji taratibu. Watoto waliowahi kukaa kijijini wanalitambua papo hapo, kwa sababu wameona akina mama na bibi zao wakichimba mchanga wa korongo wakati wa kiangazi na kusubiri na kata mkononi.

Hapa niseme kitu kwa wakubwa. Neno "mzunguko" linatufanya tufikirie gurudumu la baiskeli, linalozunguka kwa mwendo mmoja. Maji hayaendi hivyo. Mvuke ukipanda hewani hukaa huko kwa wastani wa siku tisa hivi, kisha unaanguka. Maji yaliyozama ardhini yanaweza kukaa miaka, mengine maelfu ya miaka. Na Makutupora, ambako kina cha maji ya visima kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, vipimo vinaonyesha kwamba maji hayaongezeki ardhini kila masika kwa usawa. Misimu mingi huongeza kidogo au haiongezi, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Nino wa 1997/98, ndio unaojaza. Wale waliokuwepo wanakumbuka barabara na reli zilivyosombwa. Chini kwa chini mvua hiyohiyo ilikuwa inatuwekea akiba.

Mchezo wa vizibo

Namna gani mtoto wa miaka sita aelewe kusubiri? Nilitengeneza mchezo. Ninaweka makopo saba uwanjani, kila moja na mchoro wake: wingu, korongo, Bahi, bahari, kisima, mti, na tumbo la mbuzi. Ndani ya kila kopo kuna vizibo vya soda vilivyopakwa rangi, kila rangi inaelekeza kopo la kwenda. Mtoto ni tone. Nikipiga makofi, anachomoa kizibo, anakitazama, anakirudisha, anakimbia kinakomwelekeza. Vizibo vyeusi maana yake ni baki ulipo.

Kwenye kopo la wingu hakuna cheusi hata kimoja. Kwenye kopo la Bahi, karibu vyote ni vya buluu, yaani panda juu. Kwenye kopo la kisima nimejaza vyeusi tupu, na kizibo kimoja chekundu cha bomba. Raundi ya kwanza ni vurugu na furaha. Kufika raundi ya kumi, wa mawinguni wameshazunguka mara nne, na kisimani wamejazana watoto kumi na wawili wanaochomoa cheusi, cheusi, cheusi. Binti mmoja alianza kulia: "Nimechoka kukaa chini ya ardhi!" Nikamwambia maji ya bombani kwao labda yalisubiri hivyo kabla mama yake hajazaliwa. Akanyamaza ghafla, akawageukia wenzake wa kisimani akawaambia watulie.

Kopo la mti linahitaji maandalizi siku moja kabla, la sivyo hawataamini. Chukua tawi dogo la mwarobaini likiwa bado mtini, liingize na majani yake ndani ya chupa kavu, ziba mdomo wa chupa kwa kitambaa. Fanya asubuhi, mchana kutakuwa na matone ndani. Mti unayafyonza maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani. Ukifanya Septemba, wakati majani mengine yamenyauka na mwarobaini bado ni wa kijani, watauliza mizizi inayatoa wapi, na hapo mtarudi kwenye ile glasi ya mchanga.

Jambo moja silifanyii mchezo. Mvua zikianza, korongo kavu linaweza kujaa ghafla hata kama hapo ulipo halijadondoka tone, kwa sababu imenyesha mbali huko juu. Mtoto aliyeelewa ule mchoro wa fimbo anaelewa na hili, lakini namwambia waziwazi na namrudishia kila Novemba: wingu jeusi likionekana upande wowote, hakuna kukata njia kupitia korongoni, na likiwa limejaa hakuna kujaribu kina.

Mara nyingine mtoto anasema, "Bibi amesema mvua analeta Mungu." Nimeona walimu wakibishana na bibi ambaye hata hayupo darasani. Sibishani. Namjibu kwamba bibi amesema vizuri, na sisi leo tunaiangalia njia ambayo mvua inapitishwa. Hajawahi mzazi kunifuata getini kwa hilo.

Kazi ya mwisho ni kutunga kitendawili, kila kundi chake. Ninachokipenda mpaka leo ni hiki: Nilipanda juu bila ngazi, nimeanguka chini sijaumia. Vingine huwa havieleweki hata kwa waliovitunga.

Na maswali yanaendelea mpaka kwenye foleni ya kunawa mikono. Muhula uliopita mtoto aliyetoka kwenye kopo la mbuzi alinivuta gauni akiwa na kikombe chake cha maji. Alikuwa amefikiri muda mrefu, naona. "Mwalimu, haya maji, zamani yaliwahi kuwa mkojo wa mbuzi?" Nikamwambia inawezekana kabisa, zamani sana, lakini yalipopanda juu uchafu ulibaki chini, kama chumvi ya kwenye sahani. Akakitazama kikombe. "Mbuzi wa nani?" Nikasema sijui. Akafikiri tena kidogo, akanywa yote.